Tripodi kwa mwenye bajeti ya kubana: anzia kwenye pleti

Tripodi yangu ya kwanza niliinunua laki moja na nusu hapahapa Dodoma, ikafa na miguu yake yote mitatu mizima. Haikuvunjika wala haikupinda. Iliuawa na kipande cha plastiki kisichozidi kiberiti.

Kipande chenyewe ni pleti, kile unachokikaza chini ya kamera halafu unakichomeka kwenye kichwa cha tripodi. Siku ya mahafali pale UDOM mwenzangu mmoja aliniomba aweke kamera yake dakika mbili, apige picha ya ukoo mzima wa mhitimu. Ukoo wenyewe ulikuwa haupangiki, bibi anatafutwa, shangazi kaenda kununua maua. Mteja wangu akaniita. Narudi, mwenzangu kashaondoka na pleti yangu imeganda chini ya kamera yake. Kesho yake nilikuwa na sendofu Area D.

Nilizunguka maduka ya kamera na ya simu katikati ya mji tangu asubuhi. Kila duka wananiwekea mezani boksi la pleti, tunajaribu mojamoja kama watu wanaotafuta ufunguo wa kabati la marehemu. Hii pana. Hii nyembamba. Hii ina pembe nne, yangu ilikuwa imekatwa pembe moja. Mwisho kijana mmoja akaniambia, "Dada, hiyo haiuzwi peke yake. Nunua stendi nyingine uchukue pleti yake." Na hakuwa anatania! Sendofu nikaipiga mkononi, na video ya bibi harusi akiingia ukumbini inaruka kama nimeipigia ndani ya daladala.

Kwa hiyo mnaoniuliza mnunue tripodi gani, uzito na urefu someni kwenye boksi. Mimi naanzia juu.

Kuna pleti ambayo kampuni nyingi za tripodi zimeifuata, ya mtindo wa Arca-Swiss. Arca-Swiss wenyewe wanauza vichwa vya bei ambayo hapa hatutaizungumza, ila umbo la pleti yao limeigwa kila mahali. Ni alumini yenye upana wa milimita 38 hivi, kingo zake mbili zimekatwa mshazari, zinakaa katikati ya taya mbili zinazoibana. Ikipotea, unanunua ya kampuni nyingine iliyofuata mtindo huohuo na kazi inaendelea. Mimi ninazo nne, za viwanda vitatu tofauti, na zote zinakaa kwenye kichwa kimoja.

Ila hiyo 38 nayo si amri ya serikali. Kiwanda hiki kinazidisha kidogo, kile kinapunguza. Taya za kukaza kwa kuzungusha kirungu hazina shida na hilo, unazungusha mpaka zinashika. Taya za klipu, zile za kufunga "ta!" mara moja, nyingi hufunga kwa upana uleule siku zote. Pleti ikipungua unywele tu, kamera inacheza; ikizidi, klipu haifungi. Wauzaji watakusifia klipu kwa sababu inapendeza ukiifungua mbele ya mteja. Wewe chukua ya kuzungusha. Itakuchelewesha sekunde tatu.

Ukiwa dukani omba pleti itolewe, uishike mkononi. Igeuze chini, utafute vijiskrubu viwili vidogo, kimoja kila mwisho. Hivyo ndivyo vinavyoizuia isiteleze nje taya zikilegea, na nimeona pleti zinauzwa bila hivyo, matundu yapo matupu. Halafu angalia skrubu inayoingia kwenye kamera. Iwe na kipete cha kukazia kwa vidole, au mfereji unaoingia sarafu. Inayotaka spana ya pembe sita peke yake itakutesa, maana spana ndiyo inayotangulia kupotea. Mwisho ifunge kichwani na ujaribu kuisokota kwa mkono kama unafungua mfuniko wa chupa ya pilipili. Ikicheza hapo dukani, na huu upepo wetu wa Julai na Agosti utalia. Muuzaji akikuambia utaivunja, mwachie aendelee nayo.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja, na upendeleo sifichi, ni K&F Concept za alumini zenye kichwa cha gololi, kile kinachoinama na kugeuka pande zote. Ninayotumia ni TM2534T. Pleti yake ni ya mtindo wa Arca, na mguu mmoja unafunguka ukawa fimbo ya kusimamishia kamera, kitu kilichoniokoa kwenye kumbi ambazo kamati imejaza viti mpaka mlangoni. Watu wa majina makubwa huniambia ni tripodi ya wanafunzi. Nikisikia hivyo nawaka. Kosa ninaloliona kwa wanaoilalamikia ni kupandisha nguzo ya kati mpaka mwisho, halafu wanashangaa picha imetikisika. Nguzo ikipanda, umeshasimamisha kamera kwenye mguu mmoja ulioegemea mitatu. Vuta miguu kwanza.

Namba mbili ni Manfrotto ya mtumba, 190 au 055 ya alumini, miguu peke yake. Waitaliano hawa miguu wanaijua. Juu yake kuna skrubu ya inchi 3/8, na vichwa vingi vya kampuni nyingine vinaingia hapo bila kugombana. Kuwa macho na kichwa kinachokuja nayo, kwani vingi vya zamani vinatumia pleti yao wenyewe, 200PL, ambayo kwenye taya za Arca haikai. Ukichukua kichwa hicho umeoa na ukoo wake. Mimi ningekitoa nikaweka cha gololi.

Kwa wa video tu, Benro yenye kichwa cha S4, kile cha mafuta kinachogeuka taratibu bila kushtuka. Pleti yake ni ndefu, unaisogeza mbele au nyuma mpaka kamera haiinamishi pua. Nunua ya pili siku hiyohiyo, kabla hujatoka dukani.

Za chini ya laki ni za simu. Zina kazi yake.

Na hizi kilo za kwenye boksi! "Inabeba kilo 10." Nani kapima? Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinalazimika kukifuata, kila mmoja anajipimia kwake na kujiandikia. Muuzaji mmoja alinisomea hizo kilo kwa sauti, kisha akaongeza kwamba wapiga picha wote wa Bunge wanatumia hiyohiyo. Kila kitu kibovu mji huu kinatumiwa na watu wa Bunge. Bei nazo, tangu tuwe jiji mwaka 2018 zimehamia Dodoma kabla ya wizara. Tripodi ileile ya Kariakoo ukiiuliza huku unaambiwa "usafiri, dada," kana kwamba imekuja imepakatwa daraja la kwanza kwenye SGR. Nilishapanda treni hiyo nikaenda Dar kununua mwenyewe, na hata na nauli nilibakiwa na hela ya pleti mbili.

Hizo mbili nimezipaka rangi ya kucha nyekundu pembeni. Moja inakaa mfukoni mwa begi, imefungwa kwa kamba. Yule mwenzangu wa UDOM simu zangu anapokea vizuri tu, pleti anasema ipo kwa shemeji yake Singida.