Huduma ya kuchambua vitu vya nyumbani, Mombasa: siku mbili na kabati la mama

Niliwalipa kwa pesa zangu na ningewalipa tena. Nalisema hili mapema kwa sababu nilisita karibu mwaka mzima. Niliona haya kuwaingiza watu nisiowajua chumbani kwa marehemu mama, wafungue masanduku yake.

Ni kina mama wawili, na kazi yao ni hiyo tu: kuja kwako mkachambue vitu pamoja. Hawafui wala hawapigi deki. Kila mmoja anatoza shilingi 3,000 kwa siku, na kwangu walikaa siku 2. Siku ya kwanza walichelewa saa nzima bila hata kupiga simu. Hilo sikulipenda, na niliwaambia.

Nilitaka tuanze na chumba cha mama. Yule mkubwa akakataa. "Mwanangu, mkono wako bado haujazoea kutoa. Twende jikoni kwanza."

Jikoni tulitoa mikebe 14 ya mafuta ya kupikia ya Kimbo, mbuzi ya nazi iliyokwisha meno, chupa za chai zisizoshika moto tena, na chini ya sinki furushi zima la mifuko ya plastiki ambayo mama aliiweka tangu ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Walitandika mikeka miwili, mmoja wa vinavyobaki na mmoja wa vinavyotoka, na pembeni wakatandika leso kwa vile ambavyo moyo haujaamua. Kila kitu unakishika mwenyewe, na wao wanauliza swali moja: "Hiki kikitoka, nani atakiulizia?" Lazima ujibu kwa sauti. Mkebe wa Kimbo hauulizwi na mtu. Kifumbu cha ukindu alichosuka bibi, niliulizia mimi mwenyewe, nikakiweka kwenye mkeka wa kubaki.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Kabati la mama lilikuwa na leso 47. Anayejua leso anajua kwamba huuzwa mbili katika kitambaa kimoja, ukate na kupinda mwenyewe. Za mama nyingi zilikuwa moja moja, kwa sababu alikuwa akinunua Mtaa wa Biashara, duka la Mali ya Abdulla hasa, kisha nusu anampa jirani au mtu aliyejifungua. Niliipata "Wema hauozi" ya kijani, peke yake. Nikaketi nayo muda mrefu, na hakuna aliyenihimiza.

Nilipoanza kuzigawa mikekani, yule mkubwa akaufunga mlango wa kabati. Akaniuliza kama nina ndugu. Nikasema nina dada. "Basi hizi ni mirathi. Peke yako huzichambui."

Mimi na dada tulikuwa hatusemezani tangu khitma, na chanzo kilikuwa hizi hizi leso. Alidhani nimezificha, na mimi nikaona amenishuku mbele za watu. Nilijaribu kumweleza mama yule kwamba nimemlipa aje apange kabati. Akanijibu kwa upole kwamba pesa zangu atanirudishia nikitaka, lakini leso hatazigusa. Nikapiga simu. Dada alikuja baada ya alasiri, akasimama mlangoni, akasema, "Kumbe bado zanukia udi." Tulilia. Kisha tukaketi chini tukagawana, na zilizozidi tukazitenga kwa sadaka.

Katikati ya leso tulikuta daftari dogo la mama. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na deni la mshonaji, shilingi 1,200, halijafutwa. Deni la maiti hutangulia mirathi, na sisi tulikuwa tumegombania nguo kabla ya kulilipa. Tuliichanga jioni ile ile, tukampelekea wote wawili. Usiku huo nililala mpaka adhana ya alfajiri, jambo ambalo sikuwa nimelipata kwa miezi.

Kasoro zipo. Hawana usafiri, kwa hiyo mkokoteni wa kutoa vitu unautafuta mwenyewe. Mimi nililipa 600. Yule mdogo ana haraka na karatasi: nusura atupe kadi za kliniki za watoto wangu pamoja na risiti za stima za zamani. Makaratasi muhimu yaondoe kabla hawajafika.

Ukitaka nyumba ing'ae kwa siku moja, tafuta mtu wa usafi. Hawa waite ukiwa na chumba ambacho watu wa nyumbani wanakipita mlango umefungwa. Nauli zao usizilipe juu, zimo ndani ya ile 3,000.

Leso ya vile visivyoamuliwa bado iko kwenye kiti. Ina miwani ya mama na simu yake ndogo. Dada amesema atakuja Ijumaa tuiangalie pamoja.