Mashine ya kwanza ya kujazia maganda ya bunduki ya marisau: ipi ununue, ipi isubiri

Kabla ya kuulizia bei ya mashine, angalia geji ya bunduki yako, yaani kipimo cha upana wa mtutu: namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba. Marekani, risasi za kawaida za geji 12 za kulenga visahani vya udongo ni rahisi kiasi kwamba anayejijazia nyumbani huokoa kidogo sana, na wakati mwingine haokoi kitu. Geji 28 na .410 (hii hupimwa kwa inchi, nayo ni nyembamba zaidi) ni habari nyingine: dukani ni ghali ingawa marisau yaliyomo ni machache, na hapo mashine hurudisha fedha yake mapema. Mwenye geji 12 huwa na sababu yake tofauti, nayo ni ya maana: anataka risasi laini ya aunsi 7/8 isiyompiga bega, ambayo si kila duka linayo.

Mwongozo huu ni wa wanaoishi Marekani. Sheria ya shirikisho humruhusu mwenye silaha kujijazia risasi za matumizi yake bila leseni. Akitaka kuziuza lazima awe na leseni. Jimbo au mji unaweza kuongeza masharti, kwa hiyo uliza kwanza. Kenya na Tanzania silaha na risasi zote ziko chini ya leseni, na hesabu zake ni nyingine kabisa.

Risasi moja ina vitu vitano: ganda, fataki inayowasha moto kwenye kitako cha ganda, baruti, wadi (kile kikombe cha plastiki kinachokaa kati ya baruti na marisau), kisha marisau yenyewe, zile chembe ndogo zinazoruka. Kazi ya mashine ni kurudisha kitako kwenye kipimo chake, kutoa fataki iliyotumika na kuweka mpya, kupima baruti, kushindilia wadi, kumimina marisau na kukunja mdomo.

Ya kwanza: MEC Sizemaster. Hii inajaza ganda moja kwa wakati. Inatengenezwa na kampuni ya MEC ya Mayville, Wisconsin. Kinachoipa nafasi ya kwanza ni koleti yake, meno ya chuma yanayokibana kitako kutoka pande zote na kukirudisha kwenye kipimo. Vitako vya chuma, vilivyojaa kwenye risasi za bei nafuu, hutanuka vikipigwa na ni vigumu kubana. Kisipobanwa vizuri, risasi haiingii chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi), au inaingia na kukwama. Sizemaster pia inalisha fataki yenyewe. Tarajia boksi 4 hadi 6 za risasi 25 kwa saa bila haraka.

Ya pili: MEC 600 Jr. Mark V. Mwendo ni uleule na vituo ni vilevile vitano, bei ni ndogo zaidi, ila haina koleti. Ukitumia maganda yenye kitako cha shaba uliyoyapiga kwenye bunduki yako mwenyewe, hutaona pengo kubwa. Zilizotumika zipo nyingi, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Ukiikuta ya mkononi, cheza na mpini kwanza: ukiyumba pembeni, au upau wa vipimo (unaopima baruti na marisau) ukisukumwa kwa shida, punguza bei au iache.

Ya tatu: Lee Load-All II. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Sehemu kubwa ni plastiki, inakuja na bushingi 24 za baruti na marisau (vipande vyenye tundu linaloamua kiasi kinachoshuka), na inapatikana kwa geji 12, 16 na 20. Kwa anayejaza boksi mbili kwa wiki inatosha kabisa, na risasi zake hupiga sawa na za mashine ya chuma. Udhaifu wake ni kitelezi, upau wake wa vipimo: chembe moja ya risau ikikwama hapo, mtu hulazimisha mpini, na plastiki hupasuka. Ukihisi kizuizi, simamisha, ondoa chembe, kisha endelea.

Isubiri: MEC 9000 na mashine nyingine za mfululizo. Kila ukivuta mpini, risasi moja iliyokamilika inatoka huku maganda mengine yakisogea kituo kimoja mbele. Ni nzuri kwa anayepiga maelfu kwa mwaka. Kwa anayeanza ni hatari ya kweli, kwa sababu baruti ikiisha kwenye chupa au ikikwama kwenye bomba, mashine haikwambii; unagundua umeshajaza boksi zima. Jifunze kwanza kwa macho yako kwenye mashine ya ganda moja. Ponsness/Warren ya Idaho, hasa 375C, ni ya ganda moja pia na inalishikilia ganda ndani ya kalibu tangu mwanzo hadi mwisho, lakini bei yake haina sababu mpaka uwe na uhakika kuwa kazi hii umeipenda.

Fedha uliyookoa kwenye mashine iweke kwenye mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya greni, kipimo kidogo cha uzito. Hii si ya hiari. Namba iliyochorwa kwenye bushingi ya MEC na uzito unaoshuka kweli mara nyingi havilingani, na kwa kawaida baruti hushuka pungufu ya jedwali. Hata mkono wako una neno: mpini ukipigwa kwa nguvu, baruti hushindiliwa na uzito hupanda. Vuta mara kumi kwa mwendo uleule, chupa ikiwa imejaa zaidi ya nusu, kisha pima mivuto kumi inayofuata mmoja mmoja. Marisau yapime pia: aunsi moja ni greni 437.5, na aunsi 1 1/8 ni takriban 492.

Kipimo cha baruti usikibuni wala usikiazime kwa rafiki. Kampuni za baruti za Hodgdon na Alliant hutoa majedwali yao bure, na kila mstari unataja ganda, fataki, baruti, wadi na uzito wa marisau kwa pamoja. Badilisha kimoja na mstari huo haukuhusu tena. Maganda ya Remington STS na Winchester AA yana tumbo linalofinyika kuelekea kitako, Federal Gold Medal limenyooka. Wadi ya ganda la umbo moja haizibi vizuri ndani ya jingine. Fataki za 209, aina ya kawaida ya bunduki za marisau, zinaingiliana kwa umbo, si kwa ukali: Federal 209A, kwa mfano, inajulikana kwa ukali wake. Kikomo cha shinikizo kwa geji 12 ya inchi 2¾ ni psi 11,500 (ratili kwa inchi ya mraba), nacho kinafikiwa upesi kuliko unavyodhani.

Mdomo wa risasi husema mengi. Mdomo ukizama ndani kuliko kawaida, vilivyomo ndani ni vifupi mno: wadi si yake au marisau ni pungufu. Mdomo ukifura na kufunguka, vilivyomo vimezidi. Hesabu pia mikunjo ya ganda kabla ya kununua kichwa cha kukunjia: maganda ya kulenga mengi yana 8, ya kuwindia mengi yana 6, na ukichanganya, plastiki inachanika.

Kwa kuanza nunua mfuko mmoja wa marisau wa ratili 25. Unatoa risasi 400 za aunsi moja, au kama 457 za aunsi 7/8. Ratili moja ya baruti ni greni 7,000. Kwa greni 18 kila risasi, hupati 400 kamili. Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili, fataki kwenye trei zake, na sigara iwe nje. Usile mezani hapo, na nawa mikono kwa sabuni, maana madini ya risasi hukaa kwenye vidole. Geji 20 na geji 12 zisikae meza moja: risasi ya 20 hupita chemba ya 12 na kukwama mbele kwenye mtutu, ndiyo sababu maganda ya 20 hufanywa ya njano.

Uwanjani, sikiliza mlio. Risasi iliyokosa baruti hutoa mlio mfu, na wadi inaweza kubaki ndani ya mtutu. Fungua bunduki, toa ganda, chungulia mtutu kutoka nyuma mpaka uone mwanga upande wa pili. Usipouona, usiweke risasi nyingine.