Kuunda kompyuta yako ya kwanza ya gemu Lubumbashi: kinunuliwe nini kwanza

Vijana wanaonijia wakitaka kuunda kompyuta ya gemu huanza karibu wote na swali moja: ninunue kadi gani ya grafiki? Mimi huwauliza kwanza wanakaa wapi na umeme wa mtaani kwao ukoje. Mtu wa Katuba au Ruashi hujibu upesi. Anajua saa unapokatika, na anajua taa zinavyowaka kupita kiasi sekunde ile unaporudi. Sekunde hiyo imeua mashine nyingi nilizoletewa mezani kuliko joto na uzee. Ndiyo maana kwangu orodha ya manunuzi inaanzia kwenye kifaa ambacho hakuna anayekionyesha rafiki zake.

Alimentasioni kabla ya yote

Ni lile sanduku la chuma linalopokea volti 220 za ukutani na kuzishusha hadi 12, 5 na 3.3. Madukani limejaa la bei rahisi, jepesi mkononi, limeandikwa 600W kwa herufi kubwa, na mara nyingi linauzwa likiwa ndani ya kesi tayari. Ligeuze usome kibandiko. Tafuta mstari wa +12V, kwa sababu huo ndio unaolisha prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiki. Ukikuta ampea 18, zidisha kwa 12: unapata wati 216. Hizo ndizo wati ulizouziwa. Sanduku la kweli la wati 550 huonyesha zaidi ya ampea 40 kwenye mstari huo.

Kompyuta yangu ya kwanza niliiwekea sanduku lililokuja na kesi. Jioni moja ya mvua, mwezi wa kumi na mbili, umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Nikasikia mlio mdogo kama karanga inayopasuka kikaangoni, kisha ikaja harufu. Kadi mama, ile bodi inayobeba vifaa vyote, ilikuwa imeungua pembeni mwa soketi ya prosesa, na kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda) kiliondoka nayo. Fedha nilizopoteza zingenunua alimentasioni nzuri mara nne.

Chaguo la kwanza, basi, ni wati 550 mpya, ya jina linalojulikana (Corsair, Seasonic, Cooler Master, MSI), yenye alama ya 80 Plus Bronze. Alama hiyo hupima tu umeme unaopotea kwa joto, kwa hiyo jina na kibandiko bado vinahesabika. Chaguo la pili ni sanduku la jina hilohilo lililotumika miaka michache, ukiliona likifanya kazi. La tatu halipo. Sanduku la bure la kesi mrudishie muuzaji na umwombe apunguze bei.

Pembeni yake weka UPS, kisanduku chenye betri kinachoshika mashine umeme unapokatika. Ile ya VA 650 haitoi wati 650. Nyingi hutoa kati ya 360 na 390, nazo zinatosha mashine ninazozitaja hapa chini kwa dakika chache, uhifadhi mchezo na uzime kwa utaratibu. Usitegemee kuendelea kucheza.

Prosesa na kadi: ninavyozipanga

Nambari moja, bila kusita, ni prosesa ya Ryzen 5 5600 pamoja na kadi ya Radeon RX 6600. Prosesa ina viini 6 na nyuzi 12, inakula wati 65, na ile ya boksi huja na feni yake. Ile isiyo na boksi huja bila feni, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Kadi ina gigabaiti 8 na hula wati 132 hivi kupitia plagi moja ya pini 8. Kwenye skrini ya 1080p (Full HD ya kawaida) gemu nyingi zinacheza vizuri sana, na jozi hii hailemei alimentasioni wala UPS. Kwa mji wetu, wati chache ni hoja kubwa. Kadi mama ya aina ya B550 inatosha. Ukipewa B450, hakikisha BIOS (programu ndogo ya ndani inayowasha kifaa) imesasishwa, la sivyo huenda isiitambue prosesa hiyo.

Ya pili ni Core i5-12400F na GeForce RTX 3060 ya gigabaiti 12. Nayo ni viini 6, nguvu zinakaribiana. Ninaiweka ya pili kwa sababu kadi hiyo hula wati 170 na bei yake huwa juu. Lakini mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) anayehariri video au kuchora kwa Blender, programu ya picha za 3D, mchana na kucheza usiku, yeye aipandishe iwe ya kwanza. Ile F mwishoni mwa jina maana yake prosesa haina grafiki ya ndani. Bila kadi, skrini itabaki nyeusi.

Ya tatu ni ya mwenye haraka na mfuko mdogo: Ryzen 5 5600G peke yake. Ina grafiki ndani. Gemu za mpira utazicheza ukishusha ubora wa picha, na mwakani ukipata fedha unaongeza RX 6600 bila kubadilisha kingine. Ninaipenda kwa sababu hiyo.

Ya nne ni kompyuta ya ofisi ya Dell au HP iliyotumika, ukaitia kadi ndogo kama GTX 1650 isiyohitaji plagi. Ni nafuu, ila nyingi zina alimentasioni ya umbo lake, usiyoweza kubadilisha kirahisi. Tena angalia kizazi: Intel ya kizazi cha 7 kurudi nyuma, karibu zote haziko kwenye orodha ya Windows 11, na Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Ryzen 5 7600 ni bora kuliko zote hizi. Lakini inadai RAM ya DDR5, na tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba. Kwa mashine ya kwanza, kaa na DDR4, kizazi cha RAM kilichotangulia.

Kadi iliyotumika

Hapa ndipo watu wanapolia. Hadi Septemba 2022 kadi nyingi duniani zilikuwa zikichimba Ethereum, sarafu ya kidijitali, usiku na mchana. Uchimbaji huo ulipofungwa, zikamwagwa sokoni. Kadi ya mchimbaji si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimechoka.

Muuzaji atakuambia, "Mukubwa, hii iko mupya, ilitoka Dubai juzi." Mwombe aiwashe. Uende na GPU-Z kwenye flashi, programu ya bure inayosoma kadi ilivyo kweli. Kuna RX 580 nyingi zilizoandikwa 2048SP. Zina vitengo vya kuchora 2048 badala ya 2304, kwa hiyo bei yake iwe chini. Kuna mbaya zaidi: kadi ya zamani iliyobadilishwa BIOS ijiite jina la mpya. GPU-Z ikitambua udanganyifu huo huandika neno Fake mbele ya jina. Ukiliona, funga begi.

Kisha ifanye kazi nzito dakika 20. Sikiliza feni, tazama kama kuna vitone vya rangi kwenye picha. Angalia skrubu: vichwa vilivyolika vinaonyesha mkono uliotangulia.

Vingine

RAM: vipande viwili vya gigabaiti 8, kamwe kimoja cha 16, hasa kwa 5600G, kwa sababu grafiki yake inakopa humohumo. Kadi mama ikiwa na nafasi nne, viweke kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uwashe XMP kwenye BIOS, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili.

SSD ya NVMe (diski ya haraka inayochomekwa kwenye kadi mama), terabaiti 1. EA Sports FC peke yake inadai nafasi ya gigabaiti 100, na kwa bei ya intaneti yetu hutaki kufuta gemu ili uipakue upya.

Kesi: uso wa wavu wenye kichujio kinachotoka. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa lile vumbi jekundu huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Nivuapo kichujio changu mwishoni mwa mwezi kinakuwa na rangi ya tofali. Kioshe kwa maji, ukikaushe kivulini, na usiiweke kesi sakafuni. Ukipuliza feni, zishike kwa kidole zisizunguke, na usianze kabla ya kuchomoa waya ukutani.