Mafuta ya jozi (walnut) kwa rangi za mafuta: mimi nimeshahama
Nachora nyuso, na kinachonichukua muda ni kulainisha mpaka wa kivuli shavuni. Mafuta ya kitani (mbegu za kitani) niliyokuwa nikichanganya na rangi hukauka mapema na hugeuka manjano miaka ikipita. Haya ya jozi ni mepesi, hayageuki manjano kwa kiasi hicho, na rangi hubaki mbichi muda mrefu zaidi. Kesho yake bado naendelea nilipoachia. Brashi inateleza vizuri mno! Tabaka la chini silitii hata tone: hapo ni kahawia nyembamba yenye tapentaini, ikauke kwanza. Mafuta yaongezeke kadiri tabaka zinavyopanda, la sivyo picha huweza kupasuka. Matambara yaliyolowa mafuta haya usiyarundike, yanaweza kujiwasha moto. Mwenye haraka abaki na kitani.