Bafle mbili au tano? Kuchagua kati ya stereo na saraundi kwa saloni ya Lubumbashi

Kwa saloni nyingi za Lubumbashi, ampli ya stereo yenye bafle (masanduku ya spika) mbili nzuri inaishinda seti ya saraundi ya bafle tano. Saraundi yenyewe si mbaya: ikipangwa sawasawa, mvua ya kwenye filamu unaisikia nyuma ya kisogo. Ila inadai vitu vitatu kwa mpigo, yaani filamu zenye sauti ya njia sita, kochi lisilobanwa ukutani, na umeme wa kutosha jioni. Kikikosekana kimoja, umelipia bafle tatu zisizofanya kazi.

Tuanze na kile unachosikiliza, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Stereo ni njia mbili, kushoto na kulia. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1931, na hadi leo karibu muziki wote unarekodiwa hivyo. Bafle mbili zikilingana na wewe ukikaa katikati, sauti ya mwimbaji inasimama mbele yako, mahali pasipo na bafle yoyote. Kwenye rumba hilo ni jambo kubwa: sebene inapoanza, gitaa la solo na la kusindikiza mara nyingi vimegawanywa pande mbili, na ampli nzuri inakuwezesha kufuata kila kimoja bila kuchanganya. Rekodi za zamani za hapa kwetu zina njia moja tu. Zile ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, hata ukizipigia kwenye bafle saba hazitaongezeka kitu. Zinachohitaji ni bafle inayotoa vidole kwenye nyuzi bila kuvificha.

Saraundi ya 5.1 ina njia sita: kushoto, kati, kulia, mbili za nyuma, na moja ya besi peke yake inayoishia hezi 120. Iliingia kwenye majumba ya sinema kwa jina la Dolby Digital mwaka 1992. Utaipata kwenye DVD na Blu-ray za filamu, na kwenye baadhi ya filamu za intaneti. CD, MP3, redio na simu kwa bluetooth ni njia mbili. Filamu za kwenye flashi ndizo zenye mtego, kwa sababu wengi wanaozinakili huzibana mpaka zikabaki stereo. Kabla hujanunua chochote, chukua filamu kumi unazozitazama kweli, zifungue kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, kisha bonyeza Ctrl na J. Ukiona 3F2R/LFE (tatu za mbele, mbili za nyuma na ile ya besi), ni 5.1 halisi. Ukiona Stereo, ni stereo. Kama filamu nane kati ya kumi ni stereo, jibu unalo. Risiva, yaani ampli ya saraundi, inaweza kuzitawanya njia mbili kwenye bafle tano, lakini hapo inakisia tu, na kwenye muziki makisio hayo huutoa mwimbaji mahali pake.

Sasa chumba. Stereo inataka pembetatu: mita 2 hadi 2.5 kati ya bafle na bafle, na umbali huohuo hadi kwako. Twita, ile spika ndogo ya milio ya juu, iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa, kama sentimita 95 kutoka sakafuni, na mgongo wa bafle uachane na ukuta kwa sentimita 30 au zaidi. Saraundi inaongeza masharti. Bafle mbili za nyuma zinakaa kwenye nyuzi 100 hadi 120 ukihesabu kutoka mbele yako, yaani kidogo nyuma ya bega, na ziwe mbali na kila kichwa. Hapo saloni zetu zinakataa. Makochi yamepangwa kuzunguka kuta zote tatu ili wageni waenee, kwa hiyo bafle ya nyuma inaangukia sentimita 40 kutoka sikio la mgeni mmoja, na huyo hasikii kingine. Upande wa pili kuna mlango wa koridoo, bafle haina pa kukaa. Kama huwezi kulisogeza kochi kuu walau mita 1 mbele ya ukuta wa nyuma, usinunue 5.1.

Nyumba ya tofali yenye plasta na karo chini inarudisha sauti kama bafu. Piga kofi moja kali katikati ya saloni. Ukisikia mlio wa chuma unaofuata, pesa ya kwanza iende kwenye zulia zito na pazia nene, kabla ya ampli. Besi nayo ina hesabu yake: gawa 172 kwa urefu wa chumba kwa mita, utapata mlio ambao chumba kitauvimbisha. Mita 4 inatoa hezi 43. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vyote vinavimbisha mlio uleule. Halafu kuna plafo (dari) ya tripleksi na malata juu yake: sabufa, yaani bafle ya besi, itatafuta kila msumari uliolegea. Piga sauti ya majaribio kutoka hezi 80 ukishuka hadi 30, mtu mmoja ashike plafo kwa fimbo, na panaponyamaza ndipo pa kukaza.

Umeme ndio unaowakatisha tamaa hata waliochagua vizuri. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1200. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600, na konvertisa, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, inakula kiasi, unabakiwa na kama 500. Ampli ya stereo kwa sauti ya kawaida inakula wati 40 hivi, televisheni 60: saa tano. Risiva ya 5.1 inaweza kula 90 hata ikiwa inapiga polepole, sabufa 25, televisheni 60: hazifiki saa tatu. Delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ya usiku ikianza saa moja, mfumo wa kwanza unafika mwisho wa mechi ya Mazembe pamoja na maoni ya baadaye. Wa pili unaweza kuzima katikati ya filamu ya saa mbili na nusu kama betri imechoka kidogo. Konvertisa iwe ya wimbi safi. Zile za bei nafuu zenye wimbi la mraba zinaleta mngurumo kwenye bafle na kupasha moto transfoma ya ampli.

Umeme wa shirika la SNEL ukipanda na kushuka, stabilizateri ya VA 500 inatosha ampli ya stereo. Risiva na sabufa zipe VA 1000 au zaidi, yenye kuchelewesha umeme dakika tatu hadi tano baada ya kurudi. Radi ni habari nyingine, stabilizateri haiizuii. Wingu jeusi likitokea kati ya Novemba na Machi, chomoa prizi na pia waya wa antena unaoingia kwenye dekoda. Radi inapita hapo, inaingia HDMI, na risiva inakufa wakati prizi iko mkononi mwako.

Mpangilio wetu, tukianza na kile tungempendekezea mtu wa kwanza anayeuliza:

1. Ampli ya stereo na bafle mbili za rafu au za kusimama. Chukua dola 400 kama mfano. Ukitoa 150 za ampli, kila bafle inapata 125. Kwenye 5.1, risiva ikichukua 150 hizohizo, bafle tano na sabufa zinagawana 250, kama 40 kila moja, na bafle ya dola 40 husikika hivyohivyo hata zikiwa tano. Tafuta ampli ya wati 30 hadi 60 halisi kwa kila upande, na bafle za desibeli 87 au zaidi kwa wati moja. Usiidharau namba hiyo: bafle ya desibeli 90 inafikia sauti ya ile ya 87 kwa nusu ya wati zake, na kwenye betri hiyo ni faida ya kila siku.

2. Stereo hiyohiyo ikiongezewa sabufa yenye ampli yake ndani. Hii ni hatua ya mwaka wa pili. Ikate kwenye hezi 80, yaani ipige milio ya chini ya hapo tu, iweke karibu na bafle za mbele, wala si kwenye kona, halafu ishushe sauti mpaka usiweze kuonyesha iko wapi. Tusiichanganye na vile visanduku vya 2.1 vya sokoni, ambamo sabufa ndiyo ampli na bafle ndogo zina spika ya inchi 3. Hivyo vinatosha chumba cha mwanafunzi.

3. Risiva ya saraundi, ikianza na bafle mbili. Kwa mwenye filamu za 5.1, chumba chenye nafasi na umeme wa uhakika, ndiyo njia sahihi, mradi asinunue vyote siku moja. Mbili za mbele kwanza, ya kati baadaye, kisha sabufa, za nyuma mwisho. Ya kati ndiyo inayobeba mazungumzo, kwa hiyo isiwe ndogo kuliko nyingine. HDMI iwe na ARC, njia ya kurudisha sauti ya televisheni kwenye risiva. Waya wa optiki unapitisha Dolby Digital 5.1 vizuri, lakini sauti isiyobanwa ya njia sita haipiti humo.

4. Saundiba yenye sabufa. Inasaidia maneno ya televisheni kusikika, na inakula umeme kidogo. Ahadi ya saraundi kutoka kwenye upau mmoja inategemea sauti kugonga kuta za kando na kurudi, na saloni yenye pazia upande mmoja na mlango wazi upande wa pili hairudishi sawa.

5. Home sinema ya seti moja, ile yenye DVD ndani. Tunaiweka chini kwa makusudi, ingawa ndiyo inayojaa madukani. Bafle zake mara nyingi ni omu 3 au 4 na vichwa vya waya vya kampuni peke yake, hivyo kikifa kimoja huwezi kuweka kingine. Lenzi ya DVD inakufa mapema kwa vumbi la kiangazi. Ukiwa nayo tayari, angalia kama ina mlango wa AUX au optiki na uitumie kama ampli tu.

Bafle kubwa za bluetooth zenye taa na magurudumu hatujazipanga. Ni za lupango na sherehe, na pande zote mbili zinatoka kwenye sanduku moja.

Usisome wati za kwenye karatasi ya rangi. Namba ya PMPO, zile wati kubwa za matangazo, haina kipimo kinachokubalika popote. Geuza kifaa, soma kibandiko cha nyuma: kama kinasema kinakula wati 60, hakiwezi kutoa 1000. Hapohapo soma volti. Cha 120 V kutoka Marekani ukikichomeka kwenye 220 kinaungua papo hapo, na transfoma ya kukishusha ni gharama nyingine.

Vifaa vya okazioni (vilivyokwisha kutumika) vinavyotoka Ulaya ni nafasi nzuri kwa stereo, kwa sababu ampli ya zamani haina kitu cha kupitwa na wakati. Risiva ya zamani usiinunue bila kujaribu kila mlango wa HDMI kwa picha na sauti. Kwa bafle, nenda na mita ya omu. Bafle ya omu 8 itasoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, achana nayo. Toa wavu, bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotanuliwa pande zote: ikikwaruza, koili imepinda. Ukingo wa sponji ukibaki kwenye kidole kama unga, utalazimika kubadilishwa. Kazi hiyo fundi anaiweza, basi ikate kwenye bei.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha bafle ya omu 8 hadi mita 15. Kwa omu 4, au waya mrefu wa nyuma, chukua 2.5. Kwaruza ncha kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe ni alumini iliyopakwa shaba, ongeza unene hatua moja. Waya wa nyuma usiukadirie kwa macho. Pitisha kamba pembezoni mwa ukuta, juu ya mlango na kushuka, kisha ongeza mita 1, maana saloni ya mita 4 kwa 5 inaweza kula mita 12 kwa bafle moja.

Ukishafunga, kosa la kawaida kuliko yote ni nyaya kupishana: nyekundu ya bafle moja imeingia kwenye nyeusi. Besi inapotea na mwimbaji hana mahali. Zima ampli, chomoa waya upande wa ampli, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha kwa sekunde moja, chanya kwenye nyekundu. Koni itoke nje. Ikiingia ndani, geuza nyaya za bafle hiyo, washa tena, na sauti ya mwimbaji itarudi kusimama katikati.