Windows na Linux kwenye kompyuta moja: ununue nini cha kuwekea bekapu?

Ukishaweka Windows na Linux kwenye diski moja, kila upande unakuja na programu yake ya bekapu, na kila programu inajali ya kwao tu. File History ya Windows hunakili nyaraka na picha zilizo kwenye folda zako, lakini patisheni (sehemu ya diski iliyogawanywa) ya Linux iliyo jirani, kwa File History ni kama haipo. Timeshift, ambayo watumiaji wa Linux Mint huikuta imeshawekwa, hulinda faili za mfumo na kuiacha folda yako binafsi nje mpaka uiagize vingine. Katikati ya hizo mbili kuna patisheni ndogo ya EFI, mara nyingi ya megabaiti 100 hadi mia kadhaa, ambamo programu za kuwashia mifumo yote miwili hukaa pamoja. Hiyo haina mwenyewe. Ikiharibika, picha zako zote zinaweza kuwa salama na kompyuta isiwake.

Kwa hiyo mwenye mifumo miwili ananunua mahali pa kuweka vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni imeji, yaani nakala ya diski nzima pamoja na patisheni zote ndogo, inayotengenezwa mara moja moja huku mifumo yote miwili ikiwa imezimwa. Cha pili ni nakala za faili zako za kila siku kutoka pande zote. Orodha iliyo hapa chini imepangwa kwa kuangalia ni kifaa gani kinabeba vyote viwili bila kukuchosha, maana bekapu inayochosha huachwa baada ya mwezi wa pili.

Kwanza, ukubwa

Clonezilla na Rescuezilla, programu mbili za bure za kutengeneza imeji, husoma NTFS na ext4 (mifumo ya kupanga faili ya Windows na ya Linux) na kunakili sehemu zilizotumika tu, kisha kuzibana. Diski ya terabaiti 1 yenye gigabaiti 400 za data itatoa imeji isiyozidi hizo 400, na mara nyingi pungufu. Mambo hubadilika patisheni ikiwa imefungwa kwa siri, iwe kwa BitLocker ya Windows au LUKS ya Linux. Kwa programu inayotazama kutoka nje, patisheni iliyofungwa ni vurugu tupu isiyobanika, kwa hiyo inanakiliwa yote, hata sehemu zisizo na kitu. Ndiyo maana nashauri kifaa chenye angalau mara mbili ya ukubwa wa diski yako ya ndani: imeji mbili za vipindi tofauti, na nafasi ya faili za kawaida.

Nafasi ya 1: diski mbili za kawaida za kubebeka

Ndiyo, mbili, na ndiyo, zile za sahani zinazozunguka. Kwa fedha ya SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani) moja kubwa ya nje, kwa kawaida unapata diski mbili za inchi 2.5 zenye ukubwa uleule, na kwenye bekapu diski ya pili ina faida kuliko kasi. Moja inakaa karibu nawe, nyingine inakaa jengo jingine, na unazibadilishana. Virusi vya kudai fidia hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa, kwa hiyo diski iliyo mbali ndiyo itakayokuokoa. Itakuokoa pia dhidi ya wizi, moto na ile siku diski inapoponyoka mkononi, maana diski za sahani hazipendi kabisa kuanguka.

Kasi yake ni ya wastani, takriban megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 400 zinachukua saa moja hivi. Unaianzisha na kwenda zako. Hakikisha tu unatumia tundu la USB 3. Kwenye USB 2 kazi hiyohiyo itakula saa tatu au zaidi.

Diski nyingi kubwa za inchi 2.5 hutumia teknolojia ya SMR, ambapo njia za data hupandana kidogo kama vigae. Ukiziandika upya kwa vipandevipande zinazorota vibaya. Imeji huandikwa kwa mkondo mmoja mrefu, kwa hiyo udhaifu huo hauonekani sana, ila nisingeinunua diski ya namna hiyo kwa kuendeshea mfumo kutoka humo.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi kwenye boksi. Baadhi ya diski za kubebeka zina tundu la USB lililounganishwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski. Tundu likilegea, huwezi kuitoa diski na kuichomeka kwa SATA, tundu la kawaida la diski za ndani, kwenye kompyuta nyingine. Mimi hupendelea kununua kasha tupu na diski ya SATA ya kawaida kisha kuviunganisha, na kama una diski nzima iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato ya zamani, kasha peke yake ndilo la kununua. Zile za inchi 3.5 zina nafuu zaidi kwa kila terabaiti lakini zinahitaji umeme wake zenyewe. Zinamfaa anayeacha kila kitu mezani.

Kuhusu mfumo wa faili: usiiache diski ilivyotoka kiwandani bila kuangalia. FAT32 haipokei faili lililozidi gigabaiti 4. exFAT inasomeka pande zote mbili, lakini haitunzi umiliki na ruhusa za faili za Linux, na Timeshift haitaki kuisikia kabisa. Mpango ninaouamini ni kuigawa diski: sehemu kubwa iwe NTFS kwa ajili ya imeji na faili za Windows, na sehemu nyingine iwe ext4 kwa ajili ya Linux. Ukiichomeka upande wa Windows inaweza kukuambia kwamba sehemu ya pili haisomeki na kukuuliza kama unataka kuifomati. Kataa, kila mara.

Nafasi ya 2: SSD ya nje

Kama kompyuta yako inasafiri nawe na bekapu unaifanya kila wiki, panda hapa. Haina kinachozunguka, inavumilia kuanguka, na kwenye tundu la gigabiti 10 kwa sekunde SSD nzuri ya NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) hufika karibu megabaiti 1,000 kwa sekunde. Usitegemee imeji kuisha mara kumi haraka zaidi, kwa sababu diski ya ndani inayosomwa na prosesa inayobana data nazo zina kikomo chake. Kuvuta faili chache kutoka kwenye bekapu ndiko utakakouona utofauti.

Imekosa nafasi ya kwanza kwa sababu ya droo. SSD hutunza data kwa chaji za umeme, na chaji huvuja polepole kifaa kikikaa bila kuchomekwa. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya kielektroniki, kwa SSD za watumiaji wa kawaida kinadai data idumu mwaka 1 bila umeme kwenye joto la nyuzi 30, baada ya diski kumaliza uwezo wake wa kuandikwa. Diski mpya hudumu zaidi ya hapo, lakini bado si kifaa cha kusahau kabatini. Ichomeke kila baada ya miezi michache.

Na tahadhari na zile zisizo na jina zinazotangazwa kuwa na terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya: inapokea data yako yote, kisha inaandika juu ya ile ya mwanzo. Ukinunua kifaa chochote chenye mashaka, kijaze chote kwa programu ya f3 upande wa Linux au H2testw upande wa Windows kabla ya kukikabidhi kitu.

Nafasi ya 3: NAS

Hii ni kompyuta ndogo ya diski inayokaa kwenye mtandao wa nyumbani. Uzuri wake kwa mwenye mifumo miwili ni kwamba Windows na Linux zote huifikia kwa mtandao, na habari ya NTFS na ext4 inabaki kuwa ya NAS, si yako. Clonezilla inaweza kutuma imeji huko kupitia Samba au SSH, njia mbili za kupitishia faili kwenye mtandao. Kwa kebo ya gigabiti 1 utapata megabaiti 110 hivi kwa sekunde, sawa na diski ya kubebeka; kwa Wi-Fi tegemea pungufu.

Kwa kompyuta moja, ni gharama kubwa mno. Kwa nyumba au ofisi yenye kompyuta nne, inapanda hadi nafasi ya kwanza, mradi usidanganywe na neno RAID, yaani diski kadhaa zinazotunza data ileile kwa pamoja. RAID inakukinga diski moja ikifa. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, RAID inaifuta kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa. NAS nayo inahitaji diski ya nje ya kuibekapu, na hapo tumerudi nafasi ya 1.

Nafasi ya 4: hifadhi ya mtandaoni

Inafaa kwa nyaraka, haifai kwa imeji. Piga hesabu: gigabaiti 400 kwenye intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni karibu siku nne mfululizo, bila kukatika. Nyaraka za gigabaiti 20 zinamalizika kwa saa nne na nusu, na baada ya hapo yanapanda mabadiliko tu.

Kabla ya kulipia, soma orodha ya mifumo inayokubaliwa. Huduma ya Backblaze ya kompyuta binafsi, kwa mfano, ni ya Windows na Mac. Upande wako wa Linux utabaki nje. Njia nzuri zaidi ni kununua nafasi tupu ya kuhifadhi na kutumia restic, ambayo ni ya bure, inafanya kazi kwenye mifumo yote miwili, na inazifunga faili kwa nywila kabla hazijatoka kwenye kompyuta. Ukiisahau nywila hiyo, hakuna atakayekufungulia.

Nafasi ya mwisho: flashi

Usiweke bekapu yako ya pekee kwenye flashi. Ila nunua moja ya gigabaiti 8, kwa sababu bila hiyo vifaa vyote vya juu havina mlango wa kuingilia. Humo ndimo unaweka Clonezilla au Rescuezilla, na ndiyo utakayowashia kompyuta siku diski imekufa. Kwa anayeanza ningempa Rescuezilla: inatumia kipanya, na inasoma imeji za Clonezilla. Clonezilla ina menyu za maandishi zinazotisha lakini ina machaguo mengi zaidi.

Isasishe flashi hiyo. Agosti 2024 sasisho moja la usalama la Windows lilizuia programu za zamani za kuwashia Linux kwenye baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili na Secure Boot, kinga inayoruhusu programu za kuwashia zilizoidhinishwa tu. Zuio lilikaa kwenye kumbukumbu ya ubao mama, si kwenye diski, kwa hiyo kurudisha imeji kusingesaidia, na flashi ya zamani nayo ingeweza kukataliwa mlangoni. Dawa ilikuwa kuzima Secure Boot kwanza, kisha kutengeneza kutoka hapo.

Je, ulipie programu?

Clonezilla haina uwezo wa kuongeza mabadiliko tu. Kila imeji ni nzima kuanzia mwanzo, na lazima uzime mfumo ndipo uifanye. Macrium Reflect inafanya kazi Windows ikiwa imewaka, inaongeza mabadiliko tu, na inaelewa patisheni za ext4. Toleo lake la bure liliachwa kuhudumiwa mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo sasa ni ya kulipia. Kama Windows ndiyo unayoishi ndani yake na Linux ni ya wikiendi, ni matumizi mazuri ya fedha. Kama ni kinyume chake, fedha hiyo inunulie diski ya pili.

Kabla ya imeji ya kwanza

Zima Windows kikamilifu. Kipengele kiitwacho Fast Startup hukiacha kiini cha mfumo kikiwa kimelala badala ya kuzimika, na patisheni ya NTFS inabaki katika hali ambayo programu za imeji huikataa. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi na uandike powercfg /h off. Kipengele hicho kitaondoka.

Tafuta pia ufunguo wa BitLocker, ule wa tarakimu 48, na uuandike nje ya kompyuta hiyo. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe bila mwenyewe kujua, na ukirudisha imeji kwenye kompyuta nyingine, ufunguo ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa.

Halafu jaribu kuirudisha. Clonezilla inaweza kukagua kama imeji inasomeka, na kagua kila mara, lakini jaribio lenyewe ni kuimwaga kwenye diski ya akiba isiyo ndogo kuliko ya asili. Ukimaliza, chomoa diski ya asili kabla ya kuwasha. Diski hizo mbili sasa zina vitambulisho vilevile: Windows itaizima mojawapo, na Linux inaweza kufungua patisheni ya diski isiyo yake bila kukuambia. Kama menyu ya kuchagua mfumo haitokei, usidhani imeji ni mbovu. Orodha ya programu za kuwashia hukaa kwenye ubao mama, kwa hiyo ingiza upya ingizo la Linux kwa efibootmgr (amri ya Linux) kutoka kwenye flashi, au la Windows kwa bcdboot (amri ya Windows), kisha washa tena.