Kununua majani ya shiso: geuza jani kabla ya kulipa

Malalamiko ya wanunuzi ni yale yale: mtu kanunua pakiti kavu ya shiso, jani la harufu la Asia Mashariki lenye undugu na mnanaa, kaichemsha, kaambulia maji yasiyo na harufu. Wengi hutazama rangi na tarehe wakasahau upande wa chini wa jani. Loweka jani moja kavu kwenye maji ya uvuguvugu, likunjue, uligeuze. Utaona vitone vidogo mno. Ndimo yanamokaa mafuta yenye harufu. Lisugue kwa vidole. Lisiponukia hapo, hata sufuriani halitanukia.

Nafasi ya kwanza naipa shiso mbichi ya kijani, ooba kwa Wajapani. Toyohashi, mkoani Aichi, inasifika kwa kuilima, na kwa kawaida huuzwa vifungu vya majani 10. Nyumbani, simamisha vikonyo kwenye maji kidogo ndani ya chupa, funika, weka kwenye friji. Jani lenyewe lisiguse maji, maana likilowa huota madoa meusi. Likate nyembamba wakati wa kula tu, juu ya samaki mbichi, tofu au tambi baridi.

Ya pili ni ya zambarau, inayojaa masokoni Japani Juni na Julai, msimu wa kutengeneza umeboshi, yaani ume, matunda machachu ya Japani, yaliyotiwa chumvi na kukaushwa. Pima chumvi kama asilimia 20 ya uzito wa majani, uitie kwa awamu mbili, ukifikicha na kukamua. Maji ya kwanza yamwage, yana uchungu. Ukiyatia majani kwenye maji makali ya matunda ya ume, rangi inalipuka nyekundu. Bila ukali huo inabaki imefifia. Msimu ukipita, chukua Yukari, shiso ya zambarau iliyokaushwa na kutiwa chumvi, ya Mishima, kampuni ya Hiroshima inayoiuza tangu 1970. Katika shiso ya kunyunyizia wali, hiyo ndiyo chaguo langu, bila kusita. Ina chumvi nyingi, basi wali usiutie nyingine.

Ya tatu ni kavu ya dawa, zisu ya Wachina. Kwao jani hutumika kwa mafua yenye baridi mwilini na kichefuchefu, mbegu kwa kikohozi, na bua ni dawa nyingine kabisa. Ndiyo maana inaudhi kukuta pakiti iliyoandikwa “majani” imejazwa mabua: unalipia uzito wa vijiti. Kipimo cha jani ni gramu 5 hadi 10 kwa siku, na hutiwa dakika chache kabla ya kuepua, kwa kuwa harufu hupotea na mvuke. Homa ikizidi, nenda hospitali.

Unga wa shiso wa bei rahisi uache.

Kkaennip ya Wakorea ni ndugu wa shiso, jani pana zaidi na harufu yake nyingine. Kwa kufungia nyama choma au kulaza kwenye sosi ya soya ni nzuri sana, ila haishiki nafasi ya shiso kwenye samaki. Wauzaji huibandika lebo ya “majani ya ufuta”, nayo si ufuta hata kidogo. Ni ya ukoo wa mnanaa na mrehani.